Nilikufundisha Kuniita Dada

Aminieli, mwanangu,

Hilo neno la pili nimeliandika, nikalikata kwa mstari, nikaliandika tena. Utaona alama. Ziache tu.

Ni Jumamosi, saa tisa alasiri. Wewe uko nje unachimba shimo chini ya mgomba kwa kijiko cha chai, na mama yangu anajifanya haoni kijiko chake. Kesho, ibada ya pili ikiisha, bibi yako wa Kimandolu, yaani mama yake baba yako, atakuja kukuchukua ukaishi kwake. Una miaka minne. Barua hii nitaiweka kwenye bahasha ndani ya Biblia ya mama, ikae humo mpaka uweze kuisoma mwenyewe.

Mambo ya nguo zako, dawa ya kifua, na kwamba huli ndizi zikiwa zimechanganywa na maharage, nimeshamwandikia bibi yako kwenye karatasi nyingine. Hapa nina jambo moja. Mimi unayeniita Dada Glory ndiye niliyekuzaa. Na kuna wakati ulijua. Ulijua, ukaniita mama, na mimi nikakufundisha kuacha. Mengine yote naweza kusingizia kwamba nilikuwa mtoto. Hilo la kukufundisha siwezi.

Huko Kimandolu watakuambia. Wiki haitaisha kabla hawajakuambia. Nataka uwe umelisikia kwangu kwanza, leo, kabla jua halijazama. Nimeanza na kuandika kwa sababu kuandika naweza. Kusema ndiyo shida yangu tangu nikiwa mdogo kama wewe. Shule ya msingi niliwahi kukojoa darasani kwa kuogopa kuomba ruhusa ya kwenda chooni, na siku hiyo jibu la swali lililokuwa ubaoni nilikuwa nalo, nikashindwa kulitaja.

Ngoja nianze na kitu ulichokipenda. Labda utakuwa unakikumbuka.

Nilipofika kidato cha tano, mwalimu wetu wa fizikia alikuwa Madam Ruth. Alisoma nje, akafanya kazi miaka kadhaa kwenye maabara ya leza, akarudi Arusha kumuuguza baba yake na hakuondoka tena. Siku moja mvua ilikuwa inapiga bati mpaka hatusikii kitu. Akaacha somo la siku hiyo, akachora ubaoni mstari mmoja mnene na mshale unaoujia.

“Hii ni sahani ya chuma, nyembamba kuliko karatasi yoyote mliyowahi kushika,” akasema kwa sauti ya kushindana na mvua. “Huu mshale ni mwanga wa leza. Una nguvu kiasi kwamba ukiigusa sahani tu, elektroni zinang'oka kwenye atomu zake. Hapo si chuma tena, ni plazma. Na kwa kuwa sasa hivi tu ilikuwa chuma, imesongamana sana. Haya niambieni, mwanga utapita?”

Nilikuwa na jibu. Sikusema.

Haupiti, Amini. Elektroni ni nyepesi na ni nyingi mno. Mwanga ukija zinatikisika nao, na kwa kutikisika huko zinaurudisha ulikotoka. Unaingia kidogo tu kwenye ngozi ya juu, basi. Plazma iliyosongamana ni kioo cha kujitazamia. Lakini ukizidi kuongeza nguvu, elektroni zinasukumwa mpaka zinakaribia mwendo wa mwanga wenyewe, na zikifika huko zinakuwa kama zimeongezeka uzito. Zinachelewa kuujibu mwanga. Ile sahani iliyokuwa kioo inageuka dirisha, na mwanga unapita katikati yake. Yote hayo yanaisha haraka kiasi kwamba mwanga, ambao hakuna kinachoushinda mbio, unakuwa haujamaliza hata unene wa unywele wako mmoja.

Madam Ruth aliniazima kompyuta yake ya zamani wakati wa likizo, ikiwa na programu ya kuigiza hayo mambo. Haikuwa leza. Zilikuwa nukta tu kwenye kioo cha kompyuta. Elektroni nikazipaka rangi nyekundu, ioni nikazipaka bluu. Ioni ndiyo atomu iliyobaki baada ya elektroni kung'oka. Ulikuwa unakaa mapajani mwangu, umeshika kona ya meza kama dereva.

“Mama, hawa wa bluu mbona hawaendi?” ulikuwa unaniuliza.

“Ni wazito. Pigo la mwanga ni fupi sana, linaisha kabla hawajajisogeza.”

“Wanalia?”

“Hawalii.”

“Basi wanasubiri.”

Mama. Uliniita hivyo tukiwa wawili, na mama yangu naye ukamwita mama. Hukuona shida kuwa nao wawili. Mimi ndiye niliyeona shida.

Nikampelekea Madam Ruth michoro yangu. Wekundu walikuwa wametoka nyuma ya sahani wakipaa, na wa bluu wakaanza kuvutwa kuwafuata, safi kabisa. Akaitazama, akavua miwani.

“Picha nzuri sana, Glory. Na ni uongo.”

“Uongo, Madam?”

“Umeanza na sahani safi. Leza ya kweli haiji hivyo. Kabla ya pigo lenyewe kuna mwanga hafifu unatangulia. Kwa macho usingeutilia maanani, lakini ni huo unaoichemsha sahani ikaanza kufuka. Pigo lako likifika halikuti ukuta, linakuta ukungu. Kila kitu kinabadilika. Mimi nimelia kwa ajili ya huo mwanga, usione hivi.”

“Sasa nifanyeje?”

“Anza mapema. Weka na kilichotokea kabla.”

Basi na mimi niweke kilichotokea kabla yako.

Nilikuwa na miaka kumi na mitano, kidato cha tatu. Baba yako, Goodluck, tulisoma darasa moja. Alikuwa mtoto wa mjini, mcheshi, na aliongea kwa niaba yangu mahali ambapo mimi nilishindwa kuongea. Nilidhani hiyo ndiyo kupendwa, kupata mtu wa kukusemea. Alipojua una miezi minne tumboni, akahamia Dar kwa mjomba wake. Nasikia anauza simu. Simchukii tena. Nimechoka tu kumtetea moyoni.

Baba yangu alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Mama alinipeleka kwa mama mdogo, Oldonyo Sambu, upande ule mkavu wa mlima ambako hakuna aliyetujua. Wewe ulizaliwa huko, upepo unavuma na mbuzi wanagonga mlango. Huku nyumbani mama akaanza kuvaa madera mapana. Tuliporudi, wewe ulikuwa mgongoni kwa mama, na mimi nimebeba begi.

“Utarudi shule,” aliniambia. “Mtoto ni wangu. Ukiulizwa, ni wangu.”

Majirani si wajinga. Walinitazama kifua kikivuja maziwa kanisani wakageuza macho. Kisha wakafanya jambo ambalo walidhani ni la kutusaidia. Mama yangu tangu nizaliwe aliitwa Mama Glory, kijiji kizima, mpaka sokoni. Wakaanza kumwita Mama Amini. Jina langu likamtoka, la kwako likamwingia. Mimi hakuna aliyewahi kuniita hivyo, hata kwa bahati mbaya.

Sasa nikuambie lililo baya zaidi kabla ya yale yangu na wewe. Unajua usharika wetu. Mwanamke akizaa bila ndoa, anatengwa na meza ya Bwana mpaka asimame mbele ya watu atubu, ndipo anarudishwa kundini. Mama yangu alikuwa mjane mwenye mtoto mchanga. Mtu akiamini uongo wetu, basi anaamini pia kwamba alizaa bila ndoa.

Akasimama. Jumapili ile mimi nilikuwa kwenye kwaya, safu ya pili, nimevaa joho. Mama akatoka kwenye benchi lake, akaenda mbele, akapiga magoti, akatubu dhambi yangu kwa mdomo wake. Sauti yake haikukatika hata mara moja. Mwinjilisti akatuomba tuimbe. Nikaimba, Amini. Niliimba sauti ya kwanza, sikukosea noti.

Hatukuwahi kulizungumzia. Jioni yake alinipa kipande kikubwa cha nyama, nikala.

Ndiyo maana nilipoanza kukunong'oneza, ulipokuwa na miaka miwili hivi, kwamba mimi pia ni mama, nilidhani nimekuwa jasiri. Kunong'ona nyumbani na mlango umefungwa, nikajiona jasiri.

Mwaka huu Madam Ruth akaandikisha kazi yangu kwenye maonyesho ya sayansi ya wanafunzi mjini. Nilichapisha bango langu mtaa wa Daraja Mbili, rangi ikatoka vibaya, wekundu wakawa kama machungwa. Mama akaja nawe. Alivaa kitenge anachokivalia kipaimara cha watoto wa wengine, kile cha maana, na wewe alikupaka mafuta mpaka unang'aa.

Jaji mmoja, mama wa makamo mwenye daftari, akaniuliza kwa Kiingereza kuhusu ule mwanga unaotangulia. Nikamjibu kwa Kiingereza, dakika nzima, bila kugugumia. Watu wanashangaa mimi mwenye aibu huwa naongeaje Kiingereza vizuri hivyo. Ni rahisi. Shuleni Kiingereza nilipewa kama sare. Nikikivaa, naona kama anayetazamwa ni mtu mwingine. Hakuna aliyewahi kunikaripia kwa Kiingereza nikiwa jikoni, wala kunibembeleza.

Ukamponyoka mama mkononi, ukaja mbio, ukanishika sketi.

“Mama! Mama, wekundu wako wapi? Hawa siyo wekundu!”

Jaji akacheka. Akahamia Kiswahili. “Heee, binti, huyu anakuita mama?”

Na mimi nikacheka. Kicheko hicho nakijua kilikotoka, kwa Goodluck, ndivyo alivyokuwa akicheka akiulizwa kuhusu mimi.

“Ni mdogo wangu,” nikasema. “Amezoea tu. Ananitania.”

Mama yangu alikuwa hatua tatu nyuma. Akaanza kulitazama bango langu kana kwamba anasoma.

Juzi nimeirudia ile fomu ya maonyesho, mstari kwa mstari. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba msichana mwenye mtoto asishiriki. Hakuna mahali walipouliza. Jaji mwenyewe alitaka tu kucheka na mtoto mzuri. Nilikukana bure. Ningekukana kwa sababu ya kitu, labda ningepata pa kujificha.

Na bado sikuishia hapo. Tulipofika nyumbani, ulikimbilia kompyuta. Nikaifunga.

“Mimi ni nani?” nikakuuliza.

“Mama.”

“Hapana. Mimi ni nani?”

“Mama Glory.”

“Dada. Sema dada, nafungua.”

Hukusema. Ukakaa sakafuni umekunja uso. Siku ya kwanza hukusema, siku ya pili hukusema. Siku ya tatu ulisema huku unatazama pembeni, nikafungua. Kufikia wiki iliyofuata ulikuwa ukikosea unajiziba mdomo mwenyewe, unaanza upya. Mama alituona, hakusema kitu. Alikuwa ametoa vyake vyote siku ile ya kupiga magoti.

Habari ikatembea. Msichana anayemsaidia bibi yako dukani Kimandolu alikuwa pale kwenye maonyesho, na sura yako ni ya Goodluck mtupu. Mwezi haukupita, bibi yako akaja na shemeji yake, na mbuzi, na mablanketi mawili, kama inavyotakiwa mtu akija kumtambua mtoto wa ukoo wake. Baba Mkubwa akaitwa kuketi upande wetu.

“Sikuja kugombana, jamani,” bibi yako alisema. “Kijana wangu alikosea, na mimi nilikosea kwa kunyamaza. Ila nimesikia mjukuu wangu anaitwa mdogo wa mtu. Kama huku hana mama, kwetu ana bibi.”

Nilitaka awe mtu mbaya. Siyo. Alikuletea viatu, na alivijaribisha miguuni mwako akiwa amepiga magoti sakafuni, huku anakuuliza kama vinabana. Anakutaka mchana kweupe. Mimi nilikutaka mlango ukiwa umefungwa.

Wakaongea wee. Mama yangu akasema, “Magoti yangu hayafai tena, na Glory anaondoka.” Ni kweli. Kazi ile ilinipatia nafasi ya chuo nje, huko huko kwenye leza zenyewe, naondoka mwezi wa kumi. Kila mtu anasema mambo yamejipanga vizuri. Wanalisema mbele yangu wakitabasamu.

Mwishoni Baba Mkubwa akanigeukia. Akanipa nafasi, siwezi kudanganya. “Binti yangu, wewe ndiye mwenye mtoto, hilo tunalijua sote humu. Una neno?”

Sote tunalijua. Basi miaka minne tulikuwa tunamficha nani?

Nilikuwa na neno. Lilikuwa hapa mdomoni. Nilitazama vile viatu vyako. Nikasikia mbuzi nje anatafuna majani ya mbuni, nikawaza laiti mtu angemsogeza. Baba Mkubwa akasubiri, akasubiri kuliko watu wanavyosubiri, kisha akasema, “Haya. Amekubali.”

Nisikilize hapa. Siwezi kukuambia uwe jasiri, ningekuwa nakuchekesha. Naweza kukuambia nilichokiona tu. Mimi nilidhani kunyamaza ni kutofanya kitu. Nilidhani aliyenyamaza hana kosa kubwa, kwa sababu hakusogea. Kila mara nilipokaa kimya, mtu mwingine alisema badala yangu: Goodluck, mama, Baba Mkubwa. Na walichosema ndicho kikawa.

Na kama siku moja utaisoma hii fizikia mwenyewe, utafika mahali panaposema elektroni zikishatoka nyuma ya sahani zinazivuta ioni zikazifuata. Ni kweli kabisa, nimeigiza hivyo mara nyingi, inapendeza. Usiigeuze iwe hadithi yetu. Elektroni haina mama wala haijui ilichokiacha. Mimi ninajua. Nitakapopanda ndege, hakuna kitakachokuvuta kunifuata isipokuwa mimi nirudi, kwa miguu yangu, Kimandolu, nibishe hodi mlango wa mbele. Siahidi. Nimeshasema vingi visivyo kweli kwa sauti nzuri. Nakuandikia tu ninachojua kwamba kinatakiwa.

Ni saa kumi na nusu. Bado unachimba. Naenda.

Nimerudi. Mwandiko umebadilika, utanisamehe.

Nilikuja nikachuchumaa kando ya shimo lako. Mama alikuwa mlangoni mwa jiko anamenya ndizi na jirani yetu Mama Neema.

“Dada, angalia, nimefika kwenye maji,” ukaniambia. Palikuwa pakavu.

“Amini, mimi ndiye mama yako,” nikasema. “Mimi ndiye niliyekuzaa.”

Hukunitazama mimi. Ulitazama jikoni kwanza, kisha ukarudisha macho.

“Usiseme,” ukaninong'oneza.

“Kwa nini?”

“Watasikia.”

Nikalirudia, kwa sauti ambayo sijawahi kuitumia hapa nyumbani. Mimi ndiye mama yake Amini. Kisu cha mama kikasimama katikati ya ndizi. Mama Neema akasema, “Mmh?”, akageuka mzima mzima.

Ukainuka haraka, ukaniziba mdomo kwa mikono yote miwili, ina udongo hivyo hivyo. Ukawageukia wale kina mama ukacheka. Ulicheka vizuri, Amini. Ukawaambia, “Ni dada yangu. Ananitania tu.”

Hukutetemeka hata kidogo. Ulikuwa unanilinda.

Nikaitoa mikono yako mdomoni, nikaishika, nikawaambia tena.

Ni mimi, niliyekuzaa,
Glory